Ng'ombe wa Jirani Kwenye Ukuta wa Duka

Picha ile ilinigharimu kondoo jike mwenye mimba, debe moja la mahindi, makopo mawili ya rangi ya trekta, na maziwa ya kila asubuhi ya jirani yangu, ambayo hayakuwa yangu kuyatoa. Nimehesabu, nikarudia kuhesabu, na jumla haishuki. Kondoo nilishamsahau. Mahindi yangeliwa na panya vilevile. Kinachonichosha mpaka leo ni hicho cha mwisho.

Wakati huo nilikuwa na duka pale Mogitu. Naliita duka kwa sababu lilikuwa na mlango, kaunta na leseni ukutani. Bidhaa ni habari nyingine. Ilikuwa ile miaka ya uhaba, sabuni unaisikia tu kwa watu, sukari inakuja kwa mgawo na kuisha kabla gunia halijatua chini. Huko chini upande wa Basotu, mashamba ya serikali yalikuwa yanalima ngano mpaka jicho linachoka kuifuata, na makombaini ya kuvunia yakipita barabarani yanajaza njia nzima, lakini unga wa ngano dukani kwangu hamna. Mteja akiingia ananikuta nimekaa mbele ya rafu tupu kama mlinzi wa kitu kilichokwisha kuibiwa.

Kukaa mbele ya rafu tupu kunachosha kuliko kubeba magunia. Ndipo nikaanza kuchora. Sikufundishwa na mtu, na sikuwa na wito wowote. Nilitaka tu ukuta uwe na kitu, mteja asianze kunihurumia tangu mlangoni.

Plaiwudi nilipata kwa fundi mmoja wa karakana ya shamba, aliyekuwa anavunja masanduku ya vipuri ili kupata kuni. Nilimwambia kuni za plaiwudi zina moshi mbaya, zinaharibu macho ya watoto. Akaniuliza, kama ni mbaya hivyo, mimi nazitakia nini? Tukaanzia hapo. Rangi nayo ilikuwa masalia ya makopo yake: kijani ya trekta, njano ya rimu, nyekundu ya kombaini, na nyeupe iliyobaki baada ya kupaka ofisi. Kwa kopo lisilofika nusu alidai pakiti nzima ya sigara. Nikampa sigara sita, akakataa, nikazirudisha mfukoni nikaondoka. Akaniita. Nilirudi na tano. Alicheka, akazichukua. Nyeusi hakuwa nayo, kwa hiyo nilijitengenezea mwenyewe kwa masizi ya sufuria na oili chafu.

Nilichora Mlima Hanang. Nilipomaliza nikachora Mlima Hanang tena. Nilikuwa nao wa asubuhi, wa jioni, wenye wingu, usio na wingu, na mmoja ambao wateja walidai una nundu. Miwili niliwauzia wataalamu wa shamba, mmoja nikabadilishana kwa buti zilizonibana. Mlima ni mteja mzuri. Hasogei, haulizi bei, na ukikosea bega lake moja hakuna anayekuja kulalamika.

Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi ndiye aliyeniharibia. Alikuwa anakuja kuuliza mafuta ya taa, anajua hakuna, anakaa. Blanketi alilijua akiwa kwetu, na alitembea nalo hata dukani. Siku moja aliizungukia milima yangu yote, akasema, "Bwana wee, huu mlima haujakuchosha?"

"Umenichosha. Lakini haujanigharimu."

"Chora kitu usichokizoea. Chora mtu. Chora kilicho mlangoni kwako. Mkono ukizoea kitu kimoja haujui tena kuangalia."

Sikupenda kuambiwa na mtu wa pwani, amejikunyata ndani ya blanketi, kwamba sijui kuangalia. Lakini sikuwa na kazi nyingine. Nikamchora yeye. Uso ukatoka kama wa wale watakatifu wa kalenda ya kanisa, macho juu, shingo ndefu, hana kosa lolote duniani. Aliutazama, akauliza, "Huyu nani?" Nikachora kombaini, ikatoka na meno mengi kuliko mamba. Nikachora ngano. Ikawa ubao wa njano, mtoto wa shule akauliza nimeanza kuuza magodoro?

Basi nikageuza kiti. Badala ya kutazama barabara, nikatazama uani, na uani kwangu kulikuwa kunaonana na zizi la jirani.

Jirani yangu alikuwa mjane mwenye watoto watatu, wa mwisho akiwa bado anatambaa. Zizini mwake mlikuwa na maksai mzee aliyeachwa na marehemu mumewe, ng'ombe jike mmoja wa maziwa, na ndama jike wa ng'ombe huyo aliyekuwa ameshaanza kula majani. Maksai alikuwa amechoka hata kulima. Nyumba ile ilikuwa inaishi kwa yule jike. Asubuhi kibuyu kimoja, jioni nusu kibuyu. Mengine wanakunywa, mengine anayabadilisha kwa mahindi. Mimi mwenyewe nilikuwa nachukua kikombe kila asubuhi kwa chumvi, chumvi ikiwepo.

Kwa asiye wa kwetu ni lazima nieleze jambo moja. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe wengi, na zizini kwake ukaona watatu. Wengine amewaweka kwa watu, mmoja huku, wawili kule, mbali na macho na mbali na ugonjwa. Anayemtunza ng'ombe anakamua na samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, ila mkielewana siku moja atakuachia mmoja. Hakuna karatasi, na kubwa zaidi, hakuna kuuliza. Ukimkuta ng'ombe zizini kwa mtu, huyo ni ng'ombe wa pale. Kuuliza ni wa nani, au kusimama unahesabu mifugo ya mtu kwa sauti, ni kukosa adabu. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, hilo nililelewa nalo tangu Mbulu kwa wazazi wangu. Zizi la jirani sikuwahi kulihesabu kwa mdomo.

Sikufikiri kwamba kuchora ni kuhesabu.

Nilikaa pale uani nikaangalia kama mwalimu alivyotaka. Niligundua kwamba kwa maisha yangu yote nilikuwa nachora ng'ombe wa kichwani. Huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mfupa wa nyonga uliotoka nje kama kishikizo cha mlango. Alikuwa mweusi, na tumbo lake limefungwa mkanda mweupe usionyooka, upande mmoja mpana, upande mwingine unakwisha kama wino umeisha. Pembe ya kulia ilikwenda juu. Ya kushoto ilijikunja, ikaangalia chini. Nilichora pembe ile nikaifuta mara nne mpaka ikakubali. Sijawahi kuchoka vile kwa kazi isiyo na malipo, na sijawahi kufurahi vile pia, ingawa furaha yenyewe niliitambua baadaye, ikiwa imeshapita.

Jirani alikuja na kibuyu chake, akasimama nyuma yangu.

"Maksai umemnenepesha."

"Nimemheshimu. Ni mzee."

"Na huyu jike ni huyuhuyu kabisa." Alisema polepole. "Mpaka pembe."

"Nimeifuta mara nne."

Alihamishia kibuyu mkono wa pili. "Utaiweka wapi?"

"Dukani. Rafu ya sabuni iko wazi tangu Pasaka."

"Nyumbani kwako hamna ukuta, jirani?"

"Upo. Lakini nyumbani nani ataiona?"

Alinimiminia kikombe changu akaenda. Mimi nikadhani ni aibu ya mtu ambaye zizi lake ni dogo, hataki lionekane. Nikajisemea, atazoea.

Picha ikapanda ukutani, na kwa mara ya kwanza watu waliingia dukani bila kuuliza chumvi. Hakuna aliyesema imechorwa vizuri. Walisimama mbele yake wakaanza kusema habari za ng'ombe. "Huyu kwato zinamsumbua." "Huyu maksai angeuzwa mwaka juzi." "Huyu jike ni mzuri wa maziwa, tazama mishipa." Halafu ile nyeusi yangu ya masizi na oili haikukauka. Wiki zikapita, bado inang'aa, na inzi wakaanza kunasa. Nadhani yule ndiye ng'ombe pekee wa kuchorwa aliyepata inzi wa kweli. Watu walikuja kutoka mnadani kuona inzi tu. Nilianza kufikiria kutoza kiingilio.

Ndipo akaja kijana mmoja dereva wa kombaini, na vumbi la ngano kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumvi hakuna."

"Sikuja kwa chumvi. Nimesikia una ng'ombe anayekula inzi."

"Hali. Anawashika tu."

Alicheka, akasogea. Kicheko kikakatika. Akasogea tena mpaka pua ikakaribia ubao.

"Huyu wa mkanda mweupe yuko wapi?"

"Huyo hapo."

"Usinitanie, mzee. Yule aliyesimama wewe ukachora."

"Huyo nimemtoa kichwani."

"Na pembe hii umeitoa kichwani?" Hakupaza sauti. "Pembe hii niliivunja mimi kwa gogo la mlango wa zizi, nyumbani Tumati, nikiwa mtoto. Nilichapwa mpaka jirani akaja kuniombea. Mama akaifunga kitambaa, ikaota inaangalia chini. Huyu ni ng'ombe wa mama."

Nilijua nimeingia pabaya, nikafanya ninachokijua, nikashusha bei. "Pembe za hivyo ziko nyingi."

"Nitajie wa pili."

Nikafuta kaunta iliyokuwa safi.

Akanieleza, akiwa ameipa picha uso na mimi mgongo. Baba yao alipofariki waligawana mifugo. Kaka yake mkubwa aliapa mbele ya wazee kwamba hakuna ng'ombe aliyebaki nje kwa watu, na kwamba yule wa mama alikufa kwa ndigana mwaka ule ndigana ilipopita. Yeye, mdogo, alipata mbuzi na jembe la kukokotwa, akaenda kuendesha mashine za serikali. "Jembe la kukokotwa," akarudia, "na wa kulikokota hakuna." Akaniaga kwa heshima zote, akatoka.

Nilifunga mlango mchana kweupe. Nilikaa nikitazama ule ubao, na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa la kijinga: kwamba kama ng'ombe hayupo ukutani, basi hayupo. Nikafungua nyekundu, kijani na njano, nikaanza kumfunika. Sikujua nimfunike kwa nini, mkono ukaenda kwenye kitu cha zamani, sketi ya ngozi ya bibi yangu iliyokuwa inatundikwa nyuma ya mlango, iliyojaa shanga, pembetatu juu ya pembetatu, mistari inayokwenda na kurudi. Nikapiga pembetatu mgongoni. Nikapiga mistari juu ya mkanda mweupe. Pembe nikaimaliza kwa duara la njano. Mpaka makopo mawili yanaisha, zizi zima lilikuwa limekuwa shanga, na inzi wote wako chini yake.

Jioni nikaenda kwa jirani. Alikuwa anakamua. Mimi niliyekuwa na maneno ya kumtuliza mteja wa sukari isiyokuwepo, niliegemea boma nikayaacha yote.

"Dada, kuna mtu amekuja dukani."

"Wa wapi?"

"Anatoka Tumati."

Mkono haukusimama. Maziwa yaliendelea kuingia kibuyuni. "Amesema nini?"

"Amesema pembe."

Alimaliza kukamua mpaka tone la mwisho, akampapasa ng'ombe ubavuni, akainuka. "Niliambiwa nisiseme ni wa nani. Sikusema hata kwa mama yangu." Akafuta mikono. "Wewe nikakuuliza kama nyumbani hamna ukuta."

"Uliniuliza."

"Ningesemaje zaidi ya hapo?"

Nilimfungulia mlango wa boma, akapita na kibuyu.

Walikuja wakati ngano imeshavunwa na vijana wa mashine wana nafasi: kaka mkubwa, dereva, na baba yao mdogo, mzee mwenye fimbo na koti la jeshi. Tulikaa nje ya nyumba ya jirani; zizi linaloonana na uani kwangu halikuwa gumu kulipata. Kabla ya neno lolote jirani aliwaletea maziwa, kila mtu kikombe chake, kwa sababu wageni wa mbali hawakai kavu. Walikunywa maziwa ya ng'ombe waliyekuja kumchukua, wakashukuru. Kaka mkubwa alikunywa haraka kuliko wote.

Akaanza yeye. Alisema mdogo wake ameona picha, na picha ni picha, hata yeye angeweza kuchorwa ana pembe. Mzee akaagiza picha iletwe. Nikaileta. Aliigeuza juu chini, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu ni ng'ombe," akauliza, "au ni sketi ya mama yangu?"

"Ng'ombe yuko chini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Chini wapi?"

"Chini ya sketi."

Watu walicheka, hata jirani aligeuza uso. Kaka mkubwa akarukia, "Mnaona? Hamna ng'ombe hapa." Na nadhani angefika mbali na hoja hiyo, ila jike mwenyewe alisikia watu, akainua kichwa juu ya boma, mweusi, pembe moja juu na moja chini, akatutazama kama aliyeitwa shaurini akachelewa. Mzee aliilaza fimbo chini, na kwa kaka mkubwa jambo likawa limekwisha.

Kwa jirani lilikuwa linaanza. Dereva alitaka ng'ombe na ndama, wote siku hiyohiyo. Kwa haki ya mdomo alikuwa sawa, na hilo ndilo baya la kupatana na mtu aliye sawa, huna pa kumshika. Nilizungumza mpaka koo likakauka. Nilieleza josho ambalo ng'ombe alipelekwa kila wiki, majani ya kiangazi yaliyokatwa kwa mundu na kubebwa kichwani, na usiku mama huyu aliolala zizini ndama akizaliwa kwa shida.

"Mzee wa duka," dereva akaniambia, "unamtetea mama au unatetea picha yako?"

"Vyote. Shusha kimoja."

"Ndama ni wa tumbo la ng'ombe wa mama."

"Na majani aliyokula ndama ni ya tumbo la nani?"

Alitabasamu kidogo, akatazama uani kwangu. "Yule kondoo wako ana mimba?"

"Yule ana tumbo la majani."

"Mzee, mimi nimekulia zizini."

Basi kondoo akaenda. Mzee wa koti la jeshi akakumbusha kwamba miguu yake imetoka mbali, debe la mahindi likaenda naye. Ndama akabaki kwa jirani, wa kwake kabisa, mbele ya mashahidi. Watu walinipongeza kwa kupatana vizuri. Nilirudia hesabu mara mbili siku hiyohiyo. Ndama jike ambaye hajafikia hata umri wa kupandwa hatoi maziwa. Nilikuwa nimemnunulia jirani miaka ya kusubiri.

Ng'ombe aliondoka bila fujo. Ndama ndiye aliyelia.

Mwalimu wa Lindi aliporudi kutoka Mbulu kufuatilia mshahara wake, alikuta ubao wa shanga umeegemea kaunta. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mbele ya mlima wowote.

"Hapa sasa umechora," akasema. "Hii imetoka wapi?"

"Hiyo ni pazia, mwalimu."

Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kueleza. Tangu hapo nimejaribu mengi, nyuso, mavumbi, mashine zikioza shambani baada ya mambo yale kwisha, na hizo shanga pia, kwa sababu watu huzipenda. Hakuna kilichotoka kama yule jike. Nilimwangalia mara moja tu vile inavyotakiwa, nikamfunika.

Jirani hakuwahi kunigombeza. Ndama alikua, akazaa, lakini miaka yote ya katikati chai kwake ilikuwa ya rangi, na mtoto wake wa mwisho alikua kwa chai hiyo na ugali wa mboga. Kila asubuhi bado alinisalimu juu ya boma. Kikombe changu nilikirudisha ndani mwenyewe.

Kisha siku moja akaja dukani, akaagiza kiberiti, akalipa, hakuondoka.

"Ile picha. Nipe."

"Hii ya shanga? Chukua. Bure."

"Sitaki shanga. Nataka ng'ombe wangu."

"Amefunikwa, dada."

"Basi mfunue. Uliyemfunika si ni wewe?"

Nilimwambia nitajaribu. Hiyo ni zamani. Sasa ni bibi, macho yake yanaona mbali kuliko karibu, na bado tukikutana ananiuliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia mzigo uliocheleweshwa na gari. Nimewahi kumwambia nitamchora mwingine. Akasema huyo mwingine atakuwa wa kichwani.

Kwa hiyo nauliza wanaojua rangi kuliko mimi. Juu kuna rangi ya mashine, ngumu kama bati, nyekundu, kijani na njano. Chini kuna masizi na oili chafu ambavyo nadhani havijakauka mpaka leo, maana ubao ukipigwa jua sana pembeni bado unatoa jasho jeusi. Nimejaribu mafuta ya taa kwenye kona, juu hapakutikisika na chini pakaanza kuyeyuka. Msasa naogopa, wembe naogopa zaidi. Mwenye kujua namna ya kuitoa ya juu bila kuigusa ya chini, anishauri, na aseme na gharama yake. Nikifunua nikakuta pembe imebaki peke yake, nimpelekee hivyohivyo, au nimwache aendelee kuniuliza?